James Boswell (1740–1795): Wakili wa Edinburgh na Sanaa ya Wasifu

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anapotajiwa utanzu wa wasifu, aghalabu humkumbuka Shaaban Robert na kitabu chake kuhusu maisha ya Siti Binti Saad. Katika fasihi ya Kiingereza, utanzu huo hauwezi kujadiliwa kwa kina bila kutajwa jina la James Boswell, Mskoti aliyechapisha wasifu wa mwanaleksikografia Samuel Johnson mnamo mwaka 1791. Wahakiki wengi wamekihesabu kitabu hicho kuwa kilele cha utanzu huu. Jambo linalosahaulika mara kwa mara ni kwamba Boswell aliuchuma mkate wake kwa uwakili. Kwa takriban miaka ishirini alivaa joho na nywele za bandia, akasimama mbele ya majaji wa Edinburgh kuwatetea wezi wa kondoo, walimu, wenye mashamba na wauzaji wa vitabu.

Makala haya yananuia kumulika maisha ya Boswell kama mwanasheria na kuonyesha jinsi mahakama ilivyomfundisha kuandika. Aidha, yatachunguza kesi moja ambayo Boswell hakuitetea, yaani ile ya Mwafrika Joseph Knight, kwa kuwa ndiyo inayompima kama binadamu. Hoja kuu ni kwamba sheria ilimpa Boswell sikio na kalamu, ila haikumpa moyo wa kumsikia kila mtu. Hata hivyo, mazoea yake ya kiwakili ya kuheshimu ushahidi yalimfanya aache kitabuni hoja inayomshinda yeye mwenyewe.

Malezi na Elimu

Boswell alizaliwa jijini Edinburgh tarehe 29 Oktoba 1740. Baba yake, Alexander Boswell, alikuwa wakili aliyeteuliwa kuwa jaji mnamo 1754 na kupewa jina la heshima la Lord Auchinleck, kutokana na milki ya ukoo iliyokuwa Ayrshire, kusini-magharibi mwa Uskoti. Mzee huyo alikuwa mtu wa nidhamu kali, bingwa wa Kilatini, asiyestahimili upuuzi. Alinuia kumwona kifungua mimba wake akifuata nyayo zake mahakamani. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini Lord Auchinleck hakuwa mzazi wa kuifuata methali hiyo.

Kijana Boswell aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh akiwa na umri wa miaka 13. Mnamo 1759 alihamia Chuo Kikuu cha Glasgow, ambako alihudhuria mihadhara ya Adam Smith, mwanafalsafa aliyekuja kusifika kwa maandishi yake ya uchumi. Boswell alikumbuka baadaye kwamba Smith aliwaambia wanafunzi wake jinsi alivyofurahi kujua kuwa mshairi Milton alifunga viatu vyake kwa kamba badala ya bizimu. Funzo hilo dogo, kwamba jambo la kawaida laweza kumfichua mtu mkubwa, halikumtoka akilini.

Mnamo 1760 kijana huyu alitorokea London, akarejeshwa nyumbani, kisha akasomeshwa sheria chini ya uangalizi wa baba yake. Alipita mtihani wa sheria ya madai mwaka 1762, na kama tuzo akaruhusiwa kurudi London, ambako alitamani kuwa afisa wa jeshi. Cheo hicho hakukipata. Badala yake, tarehe 16 Mei 1763, katika duka la vitabu la Thomas Davies, alikutana na Samuel Johnson. Johnson alikuwa na umri wa miaka 53 na kamusi yake ilikwisha kumpa umaarufu. Boswell alikuwa na miaka 22.

Miezi michache baadaye Boswell alikubali matakwa ya baba yake, akavuka bahari kwenda Utrecht, Uholanzi, kusoma zaidi. Safari hiyo ilikuwa na sababu ya kitaaluma. Tofauti na sheria ya Uingereza, sheria ya Uskoti ilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya misingi ya sheria ya Kirumi, na kwa vizazi kadhaa mawakili wa Kiskoti waliifuata elimu hiyo katika vyuo vya Uholanzi. Baada ya masomo, Boswell alizuru nchi kadhaa za Ulaya. Aliwahoji Rousseau na Voltaire mwaka 1764, na mwaka uliofuata akafika kisiwa cha Corsica kumwona Pasquale Paoli, kiongozi aliyekuwa akipigania uhuru wa kisiwa hicho. Kitabu chake kuhusu Corsica kilichotoka mwaka 1768 ndicho kilichompa jina kwanza. Wakati huo alikuwa amekwisha kupokewa rasmi katika chama cha mawakili wa Uskoti, tarehe 26 Julai 1766.

Boswell Mahakamani

Ili kuelewa kazi ya Boswell, ni muhimu kueleza jinsi mahakama za Uskoti zilivyoendeshwa wakati huo. Mahakama ya juu ya kesi za madai ilikuwa na majaji 15, na hoja nyingi ziliwasilishwa kwa maandishi yaliyochapishwa na kugawiwa majaji hao. Wakili, kwa hivyo, alikuwa mwandishi kabla ya kuwa msemaji. Alilazimika kusimulia kisa cha mteja wake kwa mpangilio, kunukuu ushahidi, kuzitabiri pingamizi na kuzijibu, yote hayo kwa muda mfupi. Boswell aliandika au kuimla maelfu ya kurasa za namna hiyo. Kesi za jinai, kwa upande mwingine, zilisikilizwa mbele ya jopo la raia 15 waliokula kiapo, na humo ndimo alimopata nafasi ya kutumia ulimi wake.

Mteja wake wa kwanza katika kesi ya jinai alikuwa John Reid, mtu fukara aliyeshtakiwa kwa wizi wa kondoo mwaka 1766. Boswell alifaulu kumwokoa. Mnamo 1774 Reid alishtakiwa tena, safari hii kwa wizi wa kondoo 19, na wakili wake akawa yule yule. Reid alishikilia kwamba kondoo hao aliwapokea kutoka kwa mtu mwingine pasipo kujua kuwa ni wa wizi. Jopo halikumsadiki. Alihukumiwa kunyongwa, kwani wizi wa mifugo ulikuwa kosa la kifo.

Aghalabu kazi ya wakili hukoma hukumu inaposomwa. Boswell hakukoma. Aliomba msamaha wa mfalme, na kilichopatikana ni siku 14 tu za kuahirisha kifo. Alimtembelea Reid gerezani mara kwa mara, akamhojihoji kuhusu kondoo wale, akamleta mchoraji amchore akiwa na minyororo miguuni. Alifikia hata hatua ya kupanga kwamba maiti itakaposhushwa ichukuliwe haraka na madaktari wajaribu kuifufua, ingawa rafiki zake walimshawishi aache. Reid alinyongwa tarehe 21 Septemba 1774 akisisitiza hadi mwisho kwamba hana hatia. Shajara ya Boswell ya siku hizo ni miongoni mwa maandishi yake mazito zaidi, maana mwandishi anaonekana akimhurumia mtu huyo na wakati huo huo akimchunguza, asijue kama ameambiwa ukweli.

Kesi nyingine inayostahili kutajwa ni ya John Hastie, mwalimu wa shule ya Campbeltown aliyefutwa kazi kwa kuwaadhibu wanafunzi wake kwa ukali kupita kiasi. Mahakama ya Edinburgh ilimrudisha kazini, lakini waliomfuta walikata rufani, na mwaka 1772 Boswell alisimama kumtetea mbele ya Baraza la Malodi jijini London. Alishindwa. Hoja ambazo Johnson alimtungia kwa ajili ya utetezi huo alizihifadhi na kuzichapisha baadaye katika wasifu.

Kwa wapenzi wa vitabu, kesi yake yenye uzito zaidi ni ile ya hakimiliki iliyoamuliwa mwaka 1773. John Hinton, muuzaji wa vitabu wa London, alimshtaki Alexander Donaldson wa Edinburgh kwa kuchapisha upya kitabu cha historia ya Biblia. Wachapishaji wa London walidai kuwa haki ya kuchapisha kitabu ni mali ya milele, kama shamba. Boswell alikuwa mmoja wa mawakili wa Donaldson. Majaji wa Uskoti waliamua kwamba haki hiyo ina kikomo kilichowekwa na sheria ya Bunge ya mwaka 1710, na Boswell akaichapisha hukumu hiyo kama kitabu mwaka 1774. Katika mwaka huo huo Baraza la Malodi lilifikia uamuzi kama huo katika kesi nyingine iliyomhusu Donaldson. Kanuni ya kwamba kazi ya fasihi hatimaye huwa mali ya umma ilipata nguvu kutokana na mashauri hayo.

Mahakama kama Chuo cha Uandishi

Ratiba ya mahakama ilichangia moja kwa moja kuzaliwa kwa wasifu wa Johnson. Mahakama ya Edinburgh ilifungwa kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Juni. Ilipofungwa, Boswell, ambaye tangu mwaka 1769 alikuwa amemwoa binamu yake Margaret Montgomerie, mara nyingi alimwacha mke na watoto na kupanda gari la farasi kwenda London kumsikiliza Johnson. Mwaka 1773 mambo yaligeuka, Johnson akaja Uskoti, na baada ya mahakama kufungwa mwezi Agosti wawili hao wakazuru visiwa vya magharibi mwa nchi hiyo hadi Novemba.

Athari za uwakili katika uandishi wake zinaweza kubainishwa kwa njia nne. Kwanza, Boswell alinakili ushahidi ungali mbichi. Baada ya karamu au mazungumzo aliandika vidokezo vifupi, kisha akavipanua katika shajara kabla kumbukumbu haijachuja. Mazungumzo katika wasifu wake yamepangwa kama kumbukumbu za mahakama, kila msemaji akitajwa kwa jina na maneno yake yakifuata.

Pili, alihoji. Hakungoja Johnson aseme la maana, bali alimchokoza kwa maswali, mengine ya ajabu. Kwa mfano, alimuuliza angefanya nini iwapo angefungiwa ngomeni na mtoto mchanga. Mwaka 1776 alifanya hila ili Johnson aketi meza moja na John Wilkes, mwanasiasa aliyemchukia, kisha akakaa kando kutazama na kunakili.

Tatu, alithibitisha. Johnson alipofariki tarehe 13 Desemba 1784, Boswell alitumia takriban miaka saba kukusanya barua na kuwaandikia watu waliomjua marehemu. Miongoni mwa waliompa habari ni Francis Barber, mtumishi wa Johnson aliyezaliwa katika utumwa Jamaika na ambaye Johnson alimwachia sehemu kubwa ya mali yake. Boswell mwenyewe alisema kwamba wakati mwingine alikimbia nusu ya jiji la London ili tu kupata tarehe iliyo sahihi.

Nne, hakuficha aibu za mteja wake. Mwandishi Hannah More alipomsihi alainishe ukali wa Johnson, Boswell alikataa. Johnson anayejitokeza kitabuni anakula kwa pupa, anawakaripia wageni, anaogopa kifo, na anawatunza maskini nyumbani mwake. Wasifu mwingine wa Johnson uliokuwa umetangulia, ule wa John Hawkins wa mwaka 1787, na visa vilivyoandikwa na Hester Thrale Piozzi mwaka 1786, Boswell aliwachukulia waandishi wake kama mashahidi wa upande wa pili. Aliwasaili na kuzianika dosari zao bila huruma.

Kesi ya Joseph Knight

Knight alizaliwa Afrika, akauzwa Jamaika akiwa mtoto kwa John Wedderburn, Mskoti mwenye mashamba ya miwa. Mwaka 1769 Wedderburn alirejea Uskoti na kumleta Knight, ambaye alioa mtumishi wa nyumba hiyo. Baada ya kusoma gazetini habari za hukumu iliyotolewa London mwaka 1772 kuhusu mtumwa James Somerset, Knight alidai ujira na uhuru wa kuondoka. Bwana wake akamshtaki. Mahakimu wa kwanza walimpa ushindi Wedderburn, hakimu wa jimbo la Perth akaibatilisha hukumu hiyo, na hatimaye kesi ikafika kwa majaji wa Edinburgh.

Mawakili wa Knight walikuwa John Maclaurin, Allan Maconochie na Henry Dundas. Boswell hakuwamo, ila aliifuatilia kesi hiyo kwa makini. Mnamo 1777 Johnson, aliyeuchukia utumwa, alimtungia Boswell hoja ya kumsaidia Knight. Kiini chake kilikuwa kwamba hakuna mtu aliye mali ya mwingine kwa maumbile, na kwamba haki ya mtu ya kuwa huru haiwezi kupotea kwa sababu tu aliuzwa na mfanyabiashara ambaye uhalali wa biashara yake haukuwahi kuchunguzwa. Tarehe 15 Januari 1778 majaji waliamua, wanane dhidi ya wanne, kwamba sheria ya Uskoti haiutambui utumwa. Miongoni mwa wale wanane alikuwamo Lord Auchinleck, baba ambaye Boswell alizoea kumlalamikia kuwa ana moyo mgumu.

Katika jambo hili mwana aliachana na baba yake na mwalimu wake pia. Vuguvugu la kupinga biashara ya watumwa lilipopamba moto Bungeni mwaka 1791, Boswell alichapisha shairi refu la kulipinga. Katika wasifu uliotoka mwaka huo huo alisisitiza kuwa kukomesha biashara hiyo kungekuwa ni kuwaibia wenye mali na kuwatendea Waafrika ukatili. Inashangaza kwamba mtu aliyemlilia mwizi wa kondoo mmoja hakuona tatizo katika wizi wa binadamu kwa maelfu. Kwa kweli, nyani haoni kundule.

Pamoja na hayo, Boswell hakuichana hoja ya Johnson. Aliichapisha nzima katika wasifu, kisha akaweka pingamizi yake karibu nayo, kama wakili anayelazimika kuacha faili yenye maelezo ya pande zote mbili. Msomaji wa leo anaposoma kurasa hizo, hahitaji jaji wa kumwambia ni nani aliyeshinda.

Miaka ya Mwisho

Lord Auchinleck alifariki mwaka 1782 na Boswell akairithi milki ya ukoo. Mwaka 1786 alifanya uamuzi uliomgharimu, kwani aliingia katika uwakili wa Uingereza na kuhamia London. Sheria ya huko hakuijua vyema, wateja hawakuja, na ulevi ulimzidi. Ofisi ya kisheria aliyoipata katika mji wa Carlisle mwaka 1788 aliiacha mwaka 1790 baada ya kugombana na mfadhili wake wa kisiasa. Mkewe alifariki Juni 1789, naye akiwa mbali.

Wasifu wa Johnson ulitoka tarehe 16 Mei 1791, miaka 28 kamili tangu siku ile ya dukani. Ulinunuliwa kwa wingi, lakini mwandishi wake hakupata tena furaha ya kudumu. Tendo la mwisho la uwakili wake ni la kuheshimika. Mary Bryant, mfungwa aliyepelekwa Australia, alikuwa ametoroka mwaka 1791 kwa mashua ndogo pamoja na wenzake hadi kisiwa cha Timor. Walikamatwa, na mumewe na watoto wake wawili wakafa. Alipofikishwa gerezani London, Boswell alimwombea msamaha kwa Henry Dundas, yule yule aliyemtetea Knight, ambaye sasa alikuwa waziri. Bryant aliachiliwa Mei 1793, na Boswell akaahidi kumpa pauni 10 kila mwaka kutoka mfukoni mwake. Boswell alifariki London tarehe 19 Mei 1795.

Hitimisho

Kwa muda mrefu Boswell alidharauliwa. Mnamo 1831 Macaulay alidai kwamba alikuwa mpumbavu aliyeandika kitabu kikubwa kwa bahati. Dai hilo lilianguka katika karne ya 20, shajara na barua zake zilipogunduliwa katika kasri la Malahide, Ayalandi, na katika nyumba ya Fettercairn, Uskoti. Sehemu kubwa ya hati hizo ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Yale, na shajara yake ya London ikachapishwa mwaka 1950. Zilidhihirisha fundi aliyejifunza kazi yake kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo aliipata mahakamani.

Mwanafunzi wa fasihi anayekusudia kuandika wasifu ana la kujifunza kwake: kunakili mapema, kuuliza bila haya, kuthibitisha tarehe, na kutoficha dosari za anayeandikiwa. Ana la kujihadhari nalo pia. Joseph Knight alisikilizwa na majaji wanane, lakini hakusikilizwa na mwandishi aliyekuwa na sikio kali kuliko wote katika zama zake. Mbinu za utafiti zinaweza kumwonyesha mwandishi jinsi ya kuandika maneno ya mtu. Swali la nani anastahili kusikilizwa linabaki kwa mwandishi mwenyewe, na jibu lake, kama ilivyokuwa kwa Boswell, huhifadhiwa katika kurasa zake.